Choo cha Shangazi

Ukishuka Juani ukauliza nyumba ya Shangazi, hakuna aliyekuuliza shangazi wa nani. Mimi alikuwa shangazi yangu hasa, dada wa baba, lakini kisiwa kizima kilimwita hivyo, hata watu waliomzidi umri. Mwenye duka alimwita Shangazi, imamu alimwita Shangazi, na mume wangu, mtu wa Tabora ambaye hakuwa na undugu naye wowote mpaka aliponioa, alimwita hivyo siku ya kwanza na yeye akaitika bila hata kugeuza kichwa. Sasa hayupo, Mungu amrehemu. Nikimkumbuka huwa nacheka kwanza, halafu ndiyo machozi yananilengalenga.

Mdomo wake ulikuwa wa kwanza kukulaki. Ulipomwambia shikamoo alikujibu marahaba, na kabla hujavua viatu alikuwa ameshakueleza kasoro zako. Umekonda. Umenenepa. Hilo gauni nani kakushonea, mbona bega moja limekwenda pwani na jingine limekwenda bara? Aliyasema hayo huku anakusogezea sahani ya wali na samaki wa kupaka, kwa hiyo ulimeza maneno na chakula kwa pamoja. Watoto wa mtaa aliwaita kwa makosa yao. Kulikuwa na Mvunja Mtungi, kulikuwa na Mwaga Chai, na Mwaga Chai alipokuwa mtu mzima mwenye mke na ndevu aliendelea kuitwa hivyo mbele ya wakwe zake.

Ukimshauri jambo alikuwa na jibu lake moja: "Nimesikia, sijakubali." Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekushukuru. Nesi alilisikia, mwenyekiti wa kijiji alilisikia, na mimi nimelisikia kuliko wote.

Lakini hakuna aliyetoka kwake mikono mitupu. Ukimpelekea bakuli la mchuzi, bakuli lilirudi na ndizi, au mihogo, au kama hakuna kitu kabisa, lilirudi na majani ya mchaichai. Kulirudisha tupu aliona aibu. Siku moja nyumba ilikuwa kavu kweli, akarudisha bakuli la jirani likiwa na mkaa. Jirani alikuja mbio kuuliza kama kuna ugomvi. "Ugomvi wa nini?" Shangazi akasema. "Si utapikia?"

Nyumba yake ilijengwa kwa mawe na chokaa. Ilikuwa na vyumba viwili, ukumbi katikati, paa la makuti, na mlango wa mbele mfupi kiasi kwamba mume wangu alijigonga paji la uso kila siku ya wiki ya kwanza. Jiko lilikuwa nje uani. Choo kilikuwa mbali zaidi, nyuma kabisa, kimezungushiwa makuti, na njia ya kukifikia ilikuwa ya udongo uliogeuka sabuni kila mvua iliponyesha. Hakupenda mtu aseme "nyumba ya zamani." Alisema, "Wa zamani ni mimi. Nyumba ni nyumba."

Alijitangaza kuwa adui wa mambo ya kisasa, na watu walimwamini, maana alitangaza kwa sauti. Lakini simu yake haikukauka chaji hata siku moja. Jirani akiweka sola mpya, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kuikagua, akiwa na simu mkononi na waya kwenye fundo la khanga. Alirekodi ujumbe wa sauti mrefu kama khutuba akawatumia wapwa waliokuwa Dar es Salaam, na asipojibiwa upesi alituma mwingine wa kuuliza kama wamekufa. Redio aliipenda, ila watangazaji aliwabishia. Nilipomuuliza inakuwaje mtu asiyependa ya kisasa anajua kuliko mimi namna ya kumzuia mtu asimpigie, akasema simu si ya kisasa, simu ni mdomo.

Nyumba tuliigusa kwa sababu ya kuanguka kwake. Alianguka kwenye ile njia ya choo, asubuhi ya mvua, kopo la maji mkononi. Nyonga ikapata ufa. Alivushwa kwa boti mpaka Utende, upande wa Mafia, kisha gari mpaka hospitali Kilindoni, na njia nzima aliwagombeza waliombeba kwamba wanamtikisa kama nazi. Daktari akatuambia wazi: ufa utaunga, lakini mama huyu akianguka tena hatasimama. Maneno hayo niliyabeba kila siku kuanzia hapo. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huohuo akapata uhamisho wa kuja Juani, jambo ambalo wenzake walimpa pole kwalo. Sisi tuliona Mungu ametufungulia. Tukafunga virago Temeke, tukaja na watoto wetu watatu kukaa na Shangazi.

Nyumba ya vyumba viwili haikutosha watu sita. Tukakubaliana tuiongeze kwa nyuma: vyumba viwili vya watoto, jiko la ndani lenye sinki, choo cha watoto na sisi karibu na jiko, na kabla ya yote hayo, choo cha Shangazi peke yake, karibu na kitanda chake, chenye sakafu isiyoteleza na chuma cha kushika ukutani. Mengine yangeweza kusubiri. Choo chake hakikuweza.

Nilidhani atakataa, nikajiandaa kwa maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia." Nikasubiri lile jingine, halikuja. Nilipomwambia mume wangu kwamba Shangazi hakusema hajakubali, alinyanyuka kwenye kiti.

Kujenga Juani si kama kujenga Temeke. Kila mfuko wa simenti, kila bati na kila bomba lazima lipande boti ng'ambo, lishuke majini, libebwe mabegani mpaka nchi kavu. Mifuko miwili ililowa ikawa jiwe. Fundi alitaka kuitupa, Shangazi akakataa, akaamuru iwekwe pembeni ya mlango wa uani, akawa anaikalia akiosha miguu. Aliisifu kwamba hiyo ndiyo sehemu pekee ya ujenzi iliyokamilika.

Tulimwomba ahamie kwa jirani mpaka kazi iishe. Hakuhama. Kitanda chake kilizunguka nyumba nzima kama mgeni asiyepewa chumba, leo ukumbini, kesho chumba cha mbele, na popote kilipowekwa alikaa juu yake na bakora mapajani, akisimamia. Makuti yalipoezuliwa alilia kidogo, akafuta machozi, akamwambia kijana aliye juu kwamba anakanyaga boriti vibaya. Bati lilipoezekwa alilalamika kwamba sasa mvua inampigia kelele. Mvua hiyohiyo ilipojaza simtanki kupitia mifereji ya bati, na watu wa nyumba yetu wakaacha kwenda kisimani, nilimkuta akiwaeleza wanawake waliotoka kuvuna mwani kwamba kuvuna maji ya paa ni wazo alilokuwa nalo tangu zamani, ila hakupata wa kumsikiliza.

Fundi wetu alitoka Mbeya, Mkristo, mtaratibu, mwenye subira ya ajabu. Alimwita Bibi. Yeye na Shangazi waligombana kwa adabu kila siku, na nadhani kila mmoja alikuwa akiusubiri ugomvi huo kama chai. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa mlango wa choo. Mume wangu alikuwa amechora ramani ya choo chini uani kwa chokaa: mlango unatokea ukumbini, mtu akikaa anatazama magharibi. Kuta zikainuka. Kabla ya kupiga lipu, Shangazi akaja na bakora yake, akasimama ukumbini, akatazama lile tundu la mlango.

"Fundi, mtu akikaa hapa anakula, mlango ule ukafunguliwa, anaona nini?"

"Anaona choo, Bibi."

"Na wewe umeona ni sawa?"

"Ramani ndivyo ilivyo, Bibi."

"Ramani haili wali humu ndani. Ziba hapo. Mlango utoboe huku, uingie chumbani kwangu moja kwa moja."

Fundi akaeleza kwamba ukihamisha mlango unahamisha na bomba, na sinki la choo haliwezi kubaki pale lilipopangwa. Shangazi akamwuliza mbele ya vibarua wote kama kazi amesomea au ameokota. Fundi akacheka, akaziba, akatoboa. Sinki akaligeuza litazamane na mlango mpya, kama anavyoliweka kila mahali. Na kweli ilipendeza. Shangazi alikuwa na haki kuhusu ukumbi, sote tulisema hivyo, na yeye alikubali kwamba alikuwa na haki.

Tukamaliza kabla ya masika. Nyumba ilikuwa ileile kwa mbele, mlango mfupi uleule, na nyuma imenyooka, ina hewa, watoto wana madirisha, jikoni ukifungua bomba maji yanatoka. Choo cha Shangazi kilikuwa na vigae vyeupe na chuma chake cha kushika. Nilimpa ufunguo kama mtu anayekabidhi mahari. Akaingia, akafunga. Akakaa humo muda mfupi sana. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Vipi, Shangazi?"

"Kizuri," akasema. "Mungu awabariki." Na alasiri ile nikamwona anakwenda nyuma na kopo lake, taratibu, kwenye kile choo cha makuti.

Siku ya kwanza nilisema mazoea. Wiki ya kwanza nikasema atazoea. Kisha masika yakaingia kwa nguvu, njia ikawa sabuni, na yeye anakwenda, bakora mkono huu, kopo mkono huu, na mimi nyuma yake na mwavuli. Ndani ya nyumba, hatua chache kutoka kitandani kwake, choo cha vigae kimekaa kikavu. Alikisafisha mwenyewe kila asubuhi na hakutaka mtu mwingine aingie. Hakuna choo Mafia nzima kilichong'aa kama kile.

Nikimuuliza, kila siku alikuja na sababu nyingine. Sinki ni la baridi. Maji yake yana ngurumo, yanamshtua. Kukaa kitako vile anajiona kama karani. Nikamwekea kifuniko laini, akasema sasa ni la joto. Mume wangu akamweleza habari ya nyonga na daktari, kwa heshima zote, akajibiwa lile jibu lake la siku zote, safari hii kamili.

Ndipo wazo baya likaniingia. Nikaanza kuona kwamba si choo anachokikataa, ni sisi. Tumeingia na watoto wetu, kelele zetu, bati letu, tumemvunjia ukuta wa nyuma, na kwa kuwa ni mtu mwenye staha hawezi kutufukuza, basi anatufukuza kwa miguu yake kila asubuhi kwenye matope. Nilimwambia mume wangu. Hakunibishia, na hilo liliniuma zaidi. Nikaanza kuwanyamazisha watoto wakicheka. Nikawa natembea ndani ya nyumba ile kama mpangaji.

Halafu akateleza. Nilikuwa nyuma yake na sikuwahi. Kamba ya kuanikia nguo ndiyo iliyomwokoa, aliidaka kwa mkono wa kushoto akabaki anabembea, kopo limekwenda huko. Hakuumia, alichubuka kiwiko tu. Nilimkumbatia kiunoni nikamrudisha chumbani, nikamkalisha kitandani. Hasira zikanijia, zile hasira za mtu aliyeogopa sana.

"Shangazi, kama hututaki humu ndani, sema. Mwalimu ataomba nyumba ya shule, tutahama kwa amani. Lakini usije ukafia kwenye matope ukaniachia mimi mzigo wa maneno ya watu."

Akanitazama kama niliyemsemesha Kireno. "Nani kakwambia siwataki?"

"Unakwenda huko nje kila siku! Tumekujengea choo unakitazama tu kama kabati la vyombo!"

Akavuta khanga mabegani, akatazama mlango, akanitazama mimi. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba anapigana na kitu kigumu kumeza.

"Ingia msalani," akasema.

"Kufanya nini?"

"Ingia ukae. Mlango usifunge. Uniambie unaona nini."

Nikaingia. Nikakaa juu ya kifuniko, nguo zangu zote mwilini, nimelowa, nimenuna. Nikatazama mbele. Nikaona mlango. Nikamwona Shangazi kitandani. Nikaona, katikati ya chumba, mswala wake umetandikwa, umeelekea ukuta ulio mbele yangu, mimi na mswala tunatazama upande mmoja. Kwetu kibla ni kaskazini. Nilikuwa nimekaa chooni nimekielekea kibla uso kwa uso.

"Ya Rabi," nikasema.

"Umeona?"

Nimezaliwa hapa. Najua toka utotoni kwamba choo hakielekezwi kibla wala kibla hakipewi mgongo, na mume wangu anajua, na ile ramani ya chokaa ilikuwa imelizingatia hilo vizuri kabisa. Lakini mlango ulipohamishwa kila mtu alikuwa akibishana habari ya ukumbi na wali, na baada ya hapo hakuna mwingine aliyekikalia choo kile.

"Wako wanaosema ndani ya kuta hapana neno," Shangazi akaendelea. "Najua. Imamu mwenyewe nikimuuliza ataniambia niwe na amani. Lakini mimi nikikaa pale naona haya, mwanangu. Nitakaaje vile, halafu nitoke nikasimame kwenye mswala, nitazame palepale?"

"Sasa mbona hukusema? Masika yote haya!"

"Mlango nani aliuhamisha?"

"Wewe."

"Haya." Akafuta kiwiko kwa pindo la khanga. "Nilimfedhehesha fundi wa watu mbele ya vibarua, nikamwambia kazi kaokota. Halafu niende nikamwambie nimeharibu mimi? Nikasema nitakwenda nje mpaka nitakapokufa, mtasema tu bibi mkaidi. Ukaidi nimeuzoea. Nimekosa, basi. Umefurahi?"

Nilifurahi. Sijui nieleze vipi. Nilikaa pale juu ya kifuniko nikacheka mpaka nikashika kile chuma cha ukutani, na yeye akanitukana kwamba sina adabu, halafu naye akaanza. Mume wangu alitoka shule akatukuta hivyo, mmoja chooni, mmoja kitandani, wote machozi. Nilipomweleza alikaa chini sakafuni akasema alhamdulillahi mara nyingi, na usiku ule watoto walipiga kelele walivyotaka.

Fundi akaja kwa boti ya kwanza. Nilihofia watatazamana vipi. Shangazi alimngoja ukumbini, amevaa khanga mpya, na kabla hajafika mlangoni akamwambia, "Fundi, lile la mlango nilikukosea. Sinki limetazama kibla, na aliyesababisha ni mimi."

Fundi akavua kofia. "Bibi, si ungenipigia simu tu? Simu unayo."

"Hilo nalo ni kweli," akasema.

Wakaligeuza likatazama magharibi, mlango ukabaki palepale alipoutaka. Fundi akaonya mtu asilikalie mpaka simenti ikauke vizuri. Na mtu yule aliyelikimbia masika yote sasa hakuweza kungoja. Kila baada ya sala alikwenda kugusa simenti kwa kidole. Alimwamsha mume wangu alfajiri aje aigonge, athibitishe.

Siku ilipofika aliingia, akafunga mlango. Mimi na mume wangu tulisimama chumbani kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Kisha maji yakashuka, na ile ngurumo aliyosema inamshtua ikajaa nyumba nzima. Mlango ukafunguka. Shangazi akatoka na maji ya udhu yakimtiririka mikononi, akatukuta.

"Hamna kazi nyinyi?" akasema. "Nendeni mkabomoe kile cha nje."

"Leo, Shangazi?"

"Leo. Kimekwisha kazi."

Mume wangu akavua shati la shule. Yale makuti yalikuwa yameoza, hayakutusumbua. Shangazi alitoka mpaka mlango wa uani, akasimama kwenye sakafu kavu, akatuelekeza kwa bakora wapi tuanzie na wapi tunakosea. Lilipobaki shimo peke yake, nikataka kulifunika kwa mbao chache tu, giza lilikuwa linaingia na nilikuwa nimechoka.

"Mbao za nini?" akapaza sauti. "Lijazeni mawe mpaka juu, mshindilie. Nyumba hii ina watoto."